Mpima Mvua na Njia ya Mtoni

Kuna anayeendesha baiskeli kwa sababu hana gari, na kuna anayeendesha kwa sababu daktari kamwambia tumbo limezidi. Huyu wetu hakuwa miongoni mwao. Yeye aliendesha kwa sababu kazini kwake alitakiwa awe amefika kabla ya saa tatu kamili asubuhi, kila siku ya Mungu, iwe Jumapili, iwe sikukuu, na gari la abiria la kwenda kule juu halikuwepo na wala halikuwahi kuwepo. Kilomita kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, miaka ishirini na sita. Mtaani walimwita Milimita. Jina lake hasa walilijua mkewe, karani wa mishahara, na mama mkwe siku akikasirika.

Kazi yake ilikuwa kupima mvua. Msicheke, ni kazi. Juu ya kilima, nyuma ya uzio wa waya, kuna kiwanja cha majani mafupi, na katikati yake kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini. Mvua ikinyesha inaingia humo. Saa tatu kamili, wala si saa tatu na dakika mbili, Milimita analichomoa, anamimina maji kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, anainama mpaka jicho liwe sawa na maji, anasoma, anaandika daftarini. Kama maji hayamo, anaandika sufuri. Mpimaji akichelewa au asipotokea, mahali pa tarakimu panapigwa mstari, na mstari ule haufutiki. Katika daftari la Milimita hakukuwa na mstari hata mmoja, na hilo lilimpa kiburi cha kimyakimya ambacho mkewe alikijua na kukitania.

"Ningekuwa mvua," mkewe alikuwa akimwambia, "ungenikumbuka kila saa tatu."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani kwa duka la vitambaa, mdomo umejaa pini, na bado aliweza kuongea. Ndiye aliyemshonea mumewe koti la turubai la kuvaa wakati wa mvua, lenye mpasuo nyuma ili lisinase kwenye spoki, na glavu za kipupwe kwa mabaki ya blanketi. Maana kwa mpima mvua hakuna hali ya hewa ya kumbakiza nyumbani. Siku watu wanapovuta shuka na kusema leo hapatokeki, siku hiyo ndiyo kopo lina kitu.

Masika, matope yalijaa chini ya madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na Milimita alitembea na kijiti cha kuyachokoa, akisimama kila baada ya mita mia mbili na kutukana kwa sauti ya chini. Kipupwe, ukungu ulikaa barabarani mpaka hakuona gurudumu lake la mbele, akawa anapiga kengele tu apate kusikika na wenye malori. Kiangazi, miiba. Fundi baiskeli wa mtaani aliishika tyubu yake siku moja, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mzee, hii si tyubu tena. Hivi ni viraka vimeshikana mikono." Halafu kulikuwa na majira ya upepo, na upepo ule ulikuwa na chuki binafsi: ukienda unakukabili, ukirudi unakukabili. Kilomita mbili za mwisho ni mlima, alishuka akasukuma.

Njiani wote walimjua, na wote walimuuliza swali moja. Muuza mkaa, mwalimu wa zamu, mama anayemwaga maji ya kufulia. "Mzee Milimita, leo itanyesha?" Naye kila siku alijibu jibu moja, bila kupunguza mwendo: "Mimi napima iliyokwisha kunyesha. Ijayo muulizeni aliyeiumba." Miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea kutabiri, kwa sababu hakuwahi kutabiri. Mkewe alimuuliza mara elfu, ana nguo kambani, ana safari, naye alimjibu vilevile.

Mara moja tu ndiyo alijibu tofauti. Hiyo moja ndiyo inayosimuliwa hapa.

Ilikuwa Jumanne. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa ametoka alfajiri kwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, ng'ambo ya mto. Alikuwa amesomea mtihani ule mwaka mzima, mezani kwa mama yake, kati ya vipande vya vitambaa. Saa moja na nusu, Milimita yuko uani anapiga pampu gurudumu la nyuma, simu ya mkewe ikalia. Ni binti. Alikuwa analia. Amefika chuoni, kafungua mkoba, kadi ya mtihani haimo. Ameiacha nyumbani, juu ya cherehani. Bila kadi hawamruhusu kuingia, na mlango unafungwa saa tatu.

Mama mtu akatoka ndani akaja uani, simu imebanwa begani, kadi mkononi. "Nyamaza kulia. Nimeiona. Inakuja." Akakata simu, akamtazama mumewe.

Sasa elewa jinsi njia zilivyokaa. Ya darajani ni ya mzunguko: kwa miguu ni zaidi ya saa moja na nusu, kwa baiskeli dakika ishirini na tano. Ya mtoni ni ya mkato, unashuka bondeni na kuvuka juu ya mawe, dakika arobaini kwa miguu, ila mama huyu aliuogopa mto ule tangu alipoolewa akaletwa mtaa ule. Pikipiki za abiria hakupanda. Kaka yake alikuwa ameumizwa na pikipiki, akala kiapo. Ilibaki baiskeli.

"Mtoto anasema nipite mtoni nitawahi," alisema. "Ana haraka zake huyo. Mimi mto ule siuamini, siupiti. Baba nanii, si ungempelekea wewe mara moja?"

Milimita akapiga hesabu kichwani. Dakika ishirini na tano kwenda, ishirini na tano kurudi, halafu hamsini za kupanda hadi kituo chake cha mvua. Angefika saa tatu na dakika kumi. Dakika kumi, jamani. Mtu mwingine angeziona kitu? Yeye aliona mstari.

"Kipimo," alisema.

"Ninajua kipimo. Leo tu."

"Kipimo hakina leo tu."

Mkewe akatazama juu. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu la kuangushia macho. "Haya, niambie basi, wewe mwenye mvua. Leo itanyesha?"

Hapo ndipo angejibu lile jibu lake la siku zote. Angejibu hivyo, mkewe angesema basi siendi mtoni, angesimama pale na kadi mkononi, na yeye Milimita angeona haya, angechukua kadi. Alilijua hilo. Kwa hiyo akajibu jibu jingine, apate kuondoka. Ulimi hauna mfupa.

"Leo hakuna mvua," alisema. "Mimi nakuambia. Pita mtoni."

Mkewe alimtazama kidogo, akacheka. "Lo! Leo umetabiri. Ngoja niwahi kabla hujabadili neno." Akafunga kadi kwenye ncha ya kanga, akashuka bondeni. Milimita akapanda baiskeli yake. Saa mbili na dakika ishirini alikuwa kituoni, na saa tatu kamili aliinama kwenye gilasi, akaandika sufuri.

Haikunyesha. Hilo ndilo la kumtia mtu wazimu. Haikunyesha siku ile wala usiku wake, si tone. Ila usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha milimani, mbali huko, na mto ule husikiliza milima, hausikilizi mji. Maji yalishuka chini ya anga safi, yakamkuta mama yule katikati ya mawe. Na mtu wa kulijua hilo katika mji mzima ni nani kama si yeye? Tarakimu za milimani aliletewa kwa simu kila siku saa sita, akazinakili kwa mkono wake mwenyewe, miaka ishirini na sita. Hata wachunga mbuzi hawakulijua vizuri kuliko yeye. Asubuhi ile hakulikumbuka, kwa sababu alikuwa anakumbuka saa.

Walimpata jioni, mbali na mahali pa kuvukia. Kadi ilikuwa bado imefungwa kwenye kanga.

Siku ya maziko, watu wamekaa kwenye mikeka, Milimita alichukua baiskeli saa moja na nusu akaenda kazini. Minong'ono ilikuwa mingi. Mtu gani huyu, wengine walisema, mkewe hajazikwa yeye anakwenda kupima mvua? Wengine walisema majonzi yamemvuruga, mwacheni. Hakuna aliyejua kwamba alikwenda kuangalia kama alimdanganya mkewe. Alichomoa kopo, akalipindua juu ya kiganja. Kavu. Akaandika sufuri ya pili, akakaa chini kwenye majani mafupi akalia, kisha akarudi kuzika. Mkuu wa kituo alikuja mazikoni, akamshika mkono mbele ya watu, akasema, "Huyu mzee ni mfano. Hata leo hakuacha kipimo." Milimita alitamani ardhi impasukie yeye kwanza.

Lakini ya mkuu wa kituo yalikuwa madogo. Lililommaliza alilisikia siku ya tatu, kupitia ukutani. Ukuta wa chumba chake na cha binti ulikuwa wa mbao, na mdogo wa marehemu, mama mdogo wa binti, alikuwa akilala humo na mtoto siku zile za matanga. Alimsikia binti akisema, kwa sauti ambayo haikuwa hata ya kulia:

"Mimi ndiye niliyemuua mama. Nilimwambia kwenye simu, pita mtoni utawahi. Alikuwa hapiti pale, mama mdogo. Hakuwahi kupita. Alipita kwa sababu nilimwambia mimi."

Mama mdogo alisema yale ya kusemwa. Mapenzi ya Mungu, mwanangu, siku ikifika imefika.

Milimita alikaa kitandani upande wa pili wa mbao, akiwa amevua kiatu kimoja. Yeye peke yake chini ya jua ndiye aliyejua kwamba mama yule alikataa. Kwamba alisema siupiti. Sentensi moja tu ilitosha kumtoa mtoto katika shimo lile, na sentensi yenyewe ilikuwa mdomoni mwake, na nyuma yake ilikuja nyingine: ni mimi niliyemwambia apite. Aliinuka, akafika mpaka mlangoni kwa binti. Akasimama. Akarudi akavua kiatu cha pili.

Kesho, alisema. Nikitoka kazini nitamwambia.

Na hapo ndipo safari zake za baiskeli zilipogeuka kuwa kitu kingine. Asubuhi akiwa peke yake barabarani alimwambia. Aliyasema yote, kwa sauti, na kila mzunguko wa pedeli ukatoa neno: mwanangu, mama yako alikataa, mimi ndiye. Muuza mkaa alimsikia akipita anaongea, akatikisa kichwa. Mwezi wa kwanza baada ya maziko ulikuwa wa matope, na aliyasema huku akichokoa madigadi kwa kijiti. Ulikuja ukungu akayasema ndani ya ukungu. Akifika juu alikuwa amekwisha kuungama, mwepesi, akasoma gilasi yake. Akishuka jioni maneno yale yalianza kumpotea moja moja. Penye kona ya shule yamebaki nusu. Akiegemeza baiskeli ukutani kwake hana hata moja. "Umerudi, baba?" binti alimuuliza. "Nimerudi, mwanangu." Akampa maji ya kunawa. Basi.

Kiangazi kikaingia, miiba ikaanza. Binti hakusoma tena. Vitabu alivifunga kwa kamba ya cherehani akavisukuma uvunguni. Alikaa barazani mahali pa mama yake akapindia watu suruali, na alikonda mpaka pete ya kidole cha kati ikahamia gumba. Msichana wa miaka kumi na tisa! Mashoga zake walikuja mwanzoni, wakapungua, wakaacha. Siku moja Milimita alimwona anaosha vyombo, maji yametulia kwenye beseni, akayatazama yale maji muda mrefu, mkono umesimama. Siku ile alikaribia sana kusema. Alisema, "Mwanangu," na binti akageuka, akasubiri, na yeye akauliza kama kuna chumvi.

Mimi simtetei. Nimesikia wanaomtetea, wanasema mwanamume naye ana woga wake, angebaki na nani huyo mtoto akimchukia? Ndiyo, aliogopa hivyo. Aliogopa kurudi jioni kilomita kumi na moja, akute nyumba haina mtu wa kuuliza umerudi. Lakini kila siku aliyonunua ili asiachwe, ilikatwa kwa yule mtoto. Alilijua, akaendelea. Majira ya upepo yalikuja yakamkuta hajasema, naye akaushukuru upepo, maana ulimchosha mpaka hakufikiri.

Mwezi wa saba tangu maziko, mama mdogo alikuja mchana, Milimita ametoka kazini mapema. Akaketi kwenye kigoda, hakugusa hata chai.

"Shemeji, chuo kimetangaza mtihani tena. Mwisho wa kujiandikisha keshokutwa. Nimembembeleza huyu mtoto mpaka nimechoka. Unajua kaniambia nini? Kasema mtu aliyemuua mama yake akauguze watu gani. Kasema hivyo, shemeji, huku anatunga uzi kwenye sindano. Mimi naogopa. Kama kuna neno lako wewe baba yake, liseme sasa, maana mimi yangu yamekwisha."

Nje mawingu yalikuwa yakikusanyika, ya kwanza tangu masika. Milimita alitazama mikono yake. Alifikiri angepiga moyo konde kama watu wa hadithi, lakini haikuwa hivyo. Aliogopa vilevile. Alisema tu kwa kuwa alichoka kuogopa.

"Mwite."

Binti akaja, tepu ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, akasimama mlangoni.

"Mama yako hakupita mtoni kwa sababu yako," Milimita alisema. "Alikataa. Alipokata simu alisema, mtoto ana haraka zake, mimi mto ule siuamini, siupiti. Aliniomba nikuletee mimi kadi kwa baiskeli. Nikasema kipimo. Akaniuliza kama itanyesha. Nikamwambia leo hakuna mvua, pita mtoni. Mimi, si wewe. Ulichosema wewe alikuwa amekwisha kukitupa."

Mama mdogo alishika kinywa.

"Sema tena alivyosema mama," binti alisema.

"Mtoto ana haraka zake huyo. Mimi mto ule siuamini, siupiti."

Midomo ya binti ikacheza, na machozi ambayo hayakuwa yametoka miezi saba yakaanza kutoka, polepole, bila sauti. Yalikuwa ni maneno mapya ya mama yake. Alikuwa ameamini hatasikia mengine duniani.

"Ungechelewa kiasi gani, baba, kama ungeniletea?"

Hakutarajia swali hilo. Katika safari zote zile za kujisemea barabarani, hakuna siku aliyoulizwa hilo.

"Dakika kumi."

Binti akaitikia kwa kichwa, mara mbili, taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia na ameelewa. Akaenda chumbani. Walisikia kamba ikikatwa, vitabu vikiwekwa kwenye mkoba. Alipotoka alikuwa na mkoba huo, na nguo chache kwenye furushi.

"Mama mdogo, nitakaa kwako mpaka mtihani."

"Na baada ya mtihani?" Milimita aliuliza.

Binti alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimwogopesha zaidi.

"Asubuhi ile ulikosea, baba. Watu wanakosea. Ungeniambia siku ileile ningekukumbatia, tungelia wote wawili. Lakini chumba changu na chako ni mbao tu katikati. Ulinisikia. Nilikuwa nasema kila usiku, hata nikiwa peke yangu. Ulikuwa unanisikia?"

Angeweza kukana. "Nilikuwa nasikia," alisema.

"Miezi saba."

"Miezi saba."

"Basi," alisema binti, na wakaondoka.

Mvua ilianza wiki ile na haikukatika. Milimita alivaa koti lake la turubai akaenda na kurudi, akasoma tarakimu kubwa, arobaini na mbili, hamsini na nane, akaziandika. Mtu alipomuuliza kama itaendelea kunyesha hakujibu lolote, akapita. Nyumbani hakuwasha taa ya sebuleni. Alikula amesimama jikoni. Alipeleka ujumbe kwa mama mdogo mara mbili, na mara mbili alijibiwa kwa heshima kwamba mtoto hajambo, anasoma, anakula vizuri siku hizi, shemeji usijali. Anakula vizuri. Alilia kwa hilo, kwa furaha na kwa lile jingine, akiwa anasukuma baiskeli mlimani ambako hakuna wa kumwona.

Siku ya mtihani alitoka nyumbani saa moja na nusu kama siku zote, akafika njia panda, akakata kwenda darajani. Mvua ilikuwa inamwagika kwa ndoo. Pale kituoni saa tatu ilipita bila mtu, na sijui mkuu wa kituo alifanya nini na daftari. Milimita hakuwahi kuuliza. Alisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la chuo, chini ya bati la kibanda kilichofungwa, baiskeli ameishikilia kwa mikono miwili, ameloa mpaka viatu vinatoa sauti. Hakuwa na la kusema alilopanga. Alitaka tu mtoto atoke amkute, ajue kwamba leo amekuja.

Saa sita geti likafunguliwa. Walitoka wasichana kama ishirini, wamejifunika mikoba vichwani, wanapiga kelele za waliotoka mtihanini. Binti yake alikuwa katikati yao na alikuwa anacheka. Milimita aliona meno yake. Alikuwa amesahau kwamba lile la pembeni limepanda juu ya mwenzake, kama la mama yake. Alinawiri, na pete ilikuwa imerudi kidole cha kati. Kama angekuwa na akili angeondoka pale pale, na kicheko kile angekwenda nacho nyumbani.

Lakini aliinua mkono. Binti akamwona. Kicheko hakikukatika ghafla, kilipungua tu, mpaka kikaisha. Akavuka barabara, akasimama hatua tatu kutoka kwake, akainamisha kichwa kidogo, mikono imeshika mkoba.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umefanyaje?"

"Vizuri. Asante."

"Panda nikufikishe kwa mama mdogo. Keria nimeifuta."

"Asante. Nitatembea na wenzangu."

"Mvua hii…"

"Tutafika tu," alisema. Akamtazama viatu, akamtazama koti, na kwa muda mfupi uso wake ukawa kama unataka kusema neno. Kisha akasema, "Haya, shikamoo," mara ya pili, kama watu wanavyoaga wasipojua waage vipi, akavuka barabara kurudi kwa wenzake.

Mmoja wa wasichana alikuwa na sauti kubwa, ya kuita kuku. Mvua yote ile haikuweza kuifunika.

"Nani yule mzee? Mbona kaloa hivyo?"

Na binti, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la njiani, akasema: "Yule? Anapima mvua kule juu."

Wakajifunika mikoba, wakakata kona.